Je, Kilichosahauliwa Kina Mwenyewe? Maadili ya Kufumbua Siri katika Masimulizi ya Meru na Embu

1. Utangulizi

Katika hazina ya methali za Kiswahili zimo mbili ambazo haziketi pamoja kwa amani. Moja husema: siri ya mtungi aijuaye kata. Nyingine husema: mficha uchi hazai. Methali ya kwanza inakubali kwamba kuna ujuzi wa ndani ambao ni haki ya yule aliye karibu na jambo, na kwamba mpita njia hana budi kutosheka na kuutazama mtungi kwa nje. Ya pili inaonya kwamba mwenye kuficha kila kitu, hata mbele ya anayeweza kumsaidia, hujinyima uzazi. Mtafiti wa fasihi simulizi anapoingia katika boma la mzee, kinasa sauti kikiwa mkononi, huwa amesimama baina ya methali hizi mbili, ajue asijue.

Makala haya yanajadili swali la kimaadili linalotokana na hali hiyo: je, historia iliyosahauliwa ina mwenyewe? Mara nyingi katika mazungumzo ya kitaaluma, kilichosahauliwa huchukuliwa kama kisima kilichofukiwa porini. Aliyekifukua kwanza ndiye wa kukitia jina na kukiandikia tasnifu. Mtazamo huu una dosari, kwa kuwa unachukulia kwamba kimya cha jamii ni cha aina moja tu. Kuna kimya cha kusahau, kuna kimya cha kuhifadhi, na kuna kimya cha kunyamazishwa. Haki na wajibu wa mhakiki hubadilika kulingana na kimya anachokikabili, na dhuluma hutokea pale anapokichukulia kimoja kuwa kingine.

Mifano ya mjadala huu imechukuliwa kutoka miteremko ya kusini-mashariki na mashariki ya Mlima Kenya, yaani nchi za Waembu, Wambeere, Watharaka na Wameru. Tangu mwaka 2013 eneo hilo limo katika kaunti tatu za Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Lina masimulizi mengi yaliyokwisha kuandikwa na wanazuoni wa ndani na wa nje, na kwa hiyo linafaa kwa swali hili: hapa inawezekana kutazama si siri zenyewe tu, bali pia yale yaliyozipata siri hizo baada ya kuandikwa.

2. Jina lisilo na mlinzi

Inafaa kuanza na mfano mwepesi. Mjini Embu kuna mtaa uitwao Dallas. Jina hilo halitokani na Kiembu, Kimbeere, Kimeru wala Kiswahili. Ni jina la mji wa Texas nchini Marekani, ambalo kati ya mwaka 1978 na 1991 lilienezwa duniani kote na tamthilia ya televisheni iliyoonyesha familia ya matajiri wa mafuta. Mji wa Embu wenyewe ulianza kama kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1906, baada ya Waembu kushindwa kwa nguvu za bunduki, na baadaye ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Jina la Kimarekani katika mji wa namna hiyo huonekana kama fumbo linalomwita mtafiti.

Hata hivyo, atakayelifuata jina hilo hadi Texas atakuta fumbo jingine. Mji wa Dallas ulianzishwa na John Neely Bryan mwaka 1841, na hadi leo wanahistoria wa huko hawajakubaliana jina hilo linamtaja Dallas yupi. Wapo wanaomtaja George Mifflin Dallas, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani mwaka 1845, lakini ushahidi haujatosha kuwaridhisha wote. Kwa hiyo mtaa wa Embu umeazima jina kutoka kwa mji ambao nao haujui uliazima kutoka kwa nani.

Hiki ndicho kimya cha kusahau katika umbo lake safi. Hakuna baraza lililokaa na kuamua kuficha asili ya jina la Dallas ya Texas, wala hakuna anayeadhibiwa kwa kuitafuta. Majina ya mitaa huingia kwa mzaha, kwa matumaini au kwa kejeli. Kisha watoto huzaliwa ndani ya jina na jina hukoma kuwa mzaha. Mbele ya kimya cha namna hii mtafiti yu huru, na deni lake kwa wenyeji ni la kawaida: aseme kweli, wala asijaze pengo kwa ubunifu wake. Tatizo ni kwamba uhuru huu mdogo huzoeleka. Mtafiti aliyeuzoea katika jina la mtaa huuchukua pamoja na daftari lake hadi mahali ambapo hana uhuru huo.

3. Fumbo kama ngao: masimulizi ya Mbwaa

Mighani maarufu ya asili ya Wameru husimulia kwamba mababu waliishi katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakiwa watumwa wa watu waliojulikana kama Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatwisha mitihani isiyowezekana, na adhabu ya kushindwa ilikuwa kuangamizwa. Waliagizwa watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, nao wakakikata katika ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Waliagizwa walitoe tunda ndani ya shimo refu bila kuingia humo, nao wakamimina maji hadi tunda likaelea. Walipoagizwa wafue mkuki wa kufika mbinguni, wazee walitambua kwamba mitihani haitakwisha, wakapanga kutoroka. Kiongozi wao, ambaye mapokeo mengi humwita Koomenjoe, aliyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa ukoo mweusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, na waliovuka mchana wakawa weupe.

Wahakiki wameushughulikia mgani huu kwa njia kuu mbili. Wapo waliovutwa na ufanano wake na Kitabu cha Kutoka, wakauliza ni kiasi gani kilichoingia kupitia kwa wamisionari. Wengine wametafuta ramani ndani yake. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, alikihusisha kisiwa cha Mbwaa na Mbwara Matanga katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu na Pate. Kwa msomaji wa Kiswahili dai hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa linawaweka watu wa pwani ndani ya simulizi la watu wa mlima, tena si katika nafasi ya kujivunia.

Njia zote mbili ni halali, lakini zote zinaupita bila kuusikia usemi mmoja ambao mgani unautoa waziwazi. Masimulizi ya Mbwaa ni masimulizi kuhusu maarifa yaliyofichwa. Wanyonge wanapona kwa sababu wanajua jambo ambalo wenye nguvu hawalijui: siri ya ngozi, siri ya maji, na mwisho siri ya usiku wa kuondoka. Laiti mmoja wao angekuwa mtu wa kusema kila analolijua mbele ya kila anayeuliza, kusingekuwa na Wameru wa kusimulia. Kwa maneno mengine, mgani huu haukuachia siri kwa bahati mbaya tu. Ndani yake mna mafunzo ya kutunza siri, na mwulizaji mwenye mamlaka ndiye hasa anayepaswa kufichwa.

Hapa linazuka swali gumu kwa taaluma. Anapofika mwulizaji mwenye karatasi yenye muhuri, aliyetumwa na chuo kikuu, akiwa na maswali yaliyokwisha kuchapwa, je, mzee anamwona kama mjukuu au kama mwenye nguo nyekundu? Jibu haliwezi kudhaniwa. Na pale mzee anapotoa jibu la kupotosha, mara nyingi jibu hilo huingizwa katika tasnifu kama 'toleo' la mgani, ilhali kwa upande wake lilikuwa ni maji yaliyomiminwa shimoni ili tunda liokolewe.

4. Mkono wa kushoto wa Mugwe

Kimya cha kuhifadhi hakina mfano ulio wazi zaidi kuliko ule wa Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru. Mwaka 1959 padri na mwanaanthropolojia wa Kiitalia, Bernardo Bernardi, alichapisha kitabu kuhusu Mugwe, ambacho jina lake lilimtangaza kuwa nabii anayefifia. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni kwamba kwa Waimenti mkono wa kushoto wa Mugwe haukuruhusiwa kuonekana. Ulifunikwa kwa vazi, ulishika kiragu, kitu kitakatifu cha cheo chake, na haukufanya kazi nyingine ila kubariki. Iliaminika kwamba atakayeutazama atakufa.

Mwaka 1960, Rodney Needham wa Oxford alichapisha makala kuhusu mkono huo, akitegemea hasa maelezo ya Bernardi. Katika tamaduni nyingi mkono wa kushoto ni mkono wa unyonge au wa uchafu. Kwa nini basi kwa Mugwe ni mkono wa utakatifu? Needham alijibu kwa kuupanga ulimwengu wa Wameru katika jozi za vinyume: kulia na kushoto, kaskazini na kusini, mchana na usiku, mamlaka ya kisiasa ya wazee na mamlaka ya kidini ya Mugwe. Makala hayo yalijadiliwa sana, na mkono uliofunikwa wa mzee wa Imenti ukawa mfano unaotajwa katika madarasa ya umuundo mbali sana na Mlima Kenya.

Je, siri ilivunjwa? Ili kujibu, yafaa kutofautisha kujua kuhusu siri na kuijua siri. Vitabu vya Bernardi na Needham vinamwambia msomaji kwamba mkono umefunikwa, kwamba kufunikwa huko kuna maana, na kwamba maana hiyo inahusiana na mambo mengine ya jamii. Havikuufunua mkono. Msomaji anamaliza kurasa zote akiwa bado upande wa nje wa vazi, pamoja na waumini. Taaluma hapa ilijua kuhusu siri bila kuipora, na hilo si jambo dogo.

Lakini pana hasara ya namna nyingine. Mkono uliokuwa wa mtu fulani, mwenye ukoo, mwenye watu waliomtegemea awabarikie, uligeuzwa kuwa kielelezo. Wenyeji walioutunza hawakuonekana tena kama walinzi wa jambo, bali kama watu wanaoishi ndani ya muundo wasioujua na ambao mgeni pekee ndiye aliyeuona. Hii ni aina ya unyang'anyi ambao haugusi siri yenyewe. Unachukua cheo cha mjuzi kutoka kwa kata na kumpa mpita njia. Mhakiki wa leo anayekataa unyang'anyi huo halazimiki kuacha kufasiri. Analazimika kukubali, ndani ya maandishi yake yenyewe, kwamba ufasiri wake ni wa mtu aliye nje ya vazi.

Kuna pingamizi linalotolewa mara kwa mara, nalo hujengwa juu ya usemi wa Amadou Hampâté Bâ unaomfananisha mzee anayekufa barani Afrika na maktaba inayoungua. Inadaiwa kwamba kwa kuwa wazee wanakufa, kila kitu kinasibu kinaswe upesi. Usemi huo ni wa kweli, lakini humalizwa mapema mno. Maktaba haina vitabu vya rafu tu. Ina kabati la kufuli, ina stoo, na ina msimamizi anayejua ni nani apewe nini. Kuokoa maktaba kwa kuvunja makabati yake si kuokoa. Na pengine mzee aliyekwenda na siri yake alikuwa ameamua kwamba hakuna mrithi aliyestahili. Huo nao ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na haupaswi kuandikwa kama upotevu wa data.

5. Siri yenye ekari

Kufikia hapa mtu angeweza kudhani kwamba makala haya yanatetea kila kimya. Mfano wa Mbeere unazuia hitimisho hilo la haraka. Katika nyanda kavu za chini ya Embu, masimulizi ya asili ya koo yalikuwa kwa muda mrefu mambo ya wazee: nani alifika kwanza kwenye kilima gani, nani alikaribishwa, nani alizaliwa na mama wa ukoo mwingine. Waembu nao wana simulizi la Mwenendega, aliyempata mkewe kandokando ya maji, na msitu mtakatifu wenye jina lake uko karibu na Runyenjes. Masimulizi kama haya yalikusanywa na H.S.K. Mwaniki, aliyechapisha historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973 na matini zake za kihistoria mwaka 1974, kazi ambayo ni nadra kwa wingi wa sauti za wazee wenyewe.

Serikali ilipoanza kupima ardhi na kutoa hati za umiliki binafsi, masimulizi hayo yaligeuka ushahidi. Jack Glazier, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ardhi na matumizi ya mapokeo miongoni mwa Wambeere, ameonyesha jinsi koo zilivyoshindana kwa historia. Nasaba zilirefushwa, undugu uliosahaulika ukafufuliwa, na undugu mwingine ukasahauliwa ghafla, kwa kuwa kila babu aliyetajwa mbele ya wapimaji alikuwa na ekari nyuma yake. Katika hali kama hiyo, kusahau si udhaifu wa kumbukumbu. Ni silaha. Mwenye kusahau kwamba babu wa jirani yake alikaribishwa kwa tambiko na kiapo, anamnyima jirani shamba.

Hapa tofauti ya kuhifadhi na kunyamazisha inaanza kuonekana. Walinzi wa siri ya Mugwe hawakumnyima mtu chakula kwa kuufunika mkono. Mzee wa ukoo anayeficha sehemu ya nasaba mbele ya baraza la ardhi anamfanya mwingine alipie kimya chake. Mbinu ya mtafiti wa fasihi ya kusema 'kila toleo lina ukweli wake' huonekana ya kiungwana darasani, lakini mbele ya baraza la ardhi ni kumwachia mwenye nguvu atamke toleo litakaloandikwa kwenye hati. Si kila wingi wa matoleo ni utajiri wa fasihi. Mara nyingine ni mabaki ya kesi iliyoamuliwa.

6. Kimya cha mtenda

Kimya cha kunyamazishwa kina mfano mkubwa katika eneo hilohilo. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyodumu kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, kambi za Mwea, zilizokuwa katika wilaya ya Embu ya wakati ule, zilitumika kuwavunja mahabusu wa Mau Mau waliokataa kukiri kiapo. Mwaka 1957, chini ya usimamizi wa Terence Gavaghan, mahabusu sugu waliletwa kwa makundi madogo, wakatiwa katikati ya wale waliokwisha kuvunjwa, na kupigwa hadi watii. Mwezi wa Juni mwaka huo, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu utaratibu huo. Katika barua hiyo alishauri kwamba ikiwa dhambi ni lazima itendwe, basi itendwe kimyakimya.

Sentensi hiyo ni ufunguo wa mjadala wote. Inaonyesha kwamba kimya pia hutungwa, tena na watu wenye kalamu nzuri. Kabla ya uhuru, majalada mengi yaliteketezwa na mengine yakasafirishwa hadi Uingereza, ambako yalikaa Hanslope Park hadi serikali ya nchi hiyo ilipokiri kuwapo kwake mwaka 2011, kutokana na kesi iliyofunguliwa na wazee wa Kenya walioteswa. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kwa miaka zaidi ya hamsini, kile kilichoitwa 'historia iliyosahauliwa' kilikuwa kimewekwa kwenye rafu, kikiwa na namba ya jalada.

Ni rahisi kuyasema haya juu ya Waingereza. Lakini kimya hicho kilipata warithi. Baada ya uhuru, Jomo Kenyatta aliwahimiza wananchi wasamehe yaliyopita na kuyasahau, na sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau iliachwa vitabuni hadi mwaka 2003. Jenerali Baimungi wa Meru, aliyekuwa amepigana msituni na Waingereza, aliuawa mwaka 1965 na majeshi ya serikali ya Kenya huru. Katika vijiji vya Embu na Meru, waliokuwa msituni na waliokuwa walinzi wa upande wa serikali walirudi kuishi ukuta kwa ukuta, wakaoleana, wakakaa katika kanisa moja. Kusahau kulikuwa gharama ya amani, nao walioteswa ndio walioilipa sehemu kubwa. Methali yasema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kumwambia mwenye kovu kwamba kimya chake ni utamaduni wa kuheshimiwa ni kurudia ushauri wa Griffith-Jones kwa lugha ya heshima.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa umri wa siri, wala utakatifu unaodaiwa, wala ukubwa wa mvuto wake kwa msomaji. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni gharama: nani analipia kimya hiki, na nani atalipia kuvunjwa kwake? Pale ambapo mtunza siri ndiye anayebeba gharama yake, siri ni yake. Pale ambapo mtu mmoja ananyamaza na mwingine analipa, mwenye kunyamaza hana umiliki wowote unaostahili kulindwa.

7. Kesi ngumu: Ngaitana

Kipimo chochote hupaswa kujaribiwa kwa kesi isiyokipendelea. Mwezi wa Aprili mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, kwa kuungwa mkono na utawala wa wilaya. Wasichana wengi walikataa. Walinunua nyembe dukani, wakaenda vichakani, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, neno lenye maana ya 'nitajitahiri mwenyewe'. Kwa mujibu wa mwanahistoria Lynn Thomas, kati ya mwaka 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo.

Nani mwenye kimya cha Ngaitana? Kumbukumbu za mahakama zimehifadhi mashtaka na faini, si maneno ya wasichana. Wazee walioamuru hawakuwa na hamu ya kukumbuka kwamba watoto wa kike waliwaasi. Vuguvugu la kitaifa halikuwa na nafasi ya shujaa mwenye wembe wa aina hiyo, na tangu mwaka 2011 sheria ya Kenya imeuharamisha ukeketaji kabisa, kwa sababu za kiafya na za haki ambazo mhakiki hana msingi wa kuzipuuza. Wanawake wenyewe, ambao Thomas alizungumza na baadhi yao katika miaka ya 1990, walikuwa wamekwisha kuwa mama na nyanya, na baadhi ya waliokuwa Ngaitana wamewalea mabinti wasiokeketwa.

Mhakiki anayewageuza wasichana hao kuwa mashujaa wa kupinga ukoloni anawanyamazisha, kwa kuwa anaficha maumivu. Anayewafanya wahanga wasiojua walitendalo anawanyamazisha pia, kwa kuwa anaficha uamuzi wao. Hapa aliyenyamaza, aliyelipa na aliyetenda ni mtu yuleyule. Kwa kipimo cha gharama, siri hii ni ya wanawake hao, na mtafiti hana haki ya kuidai. Ila ana wajibu mmoja: kuhakikisha kwamba hawanyamazi kwa sababu tu hakuna aliyekuwa tayari kusikia jibu lisilofaa upande wowote. Kusikiliza kwa namna hiyo ni tofauti na kuhoji. Anayehoji hutafuta toleo la kutia katika sura ya tatu ya tasnifu. Anayesikiliza huacha mlango wazi, hata ikiwa hataingia mtu.

Kesi hii inaonyesha pia mpaka wa kipimo chenyewe. Kimya cha nyanya kinaweza kuwa chake, ilhali mjukuu anakilipia bila kujua, kwa kurithi aibu asiyoijua jina. Gharama haikomi kwa kizazi kimoja. Hivyo uamuzi wa kutovunja kimya si wa kufanywa mara moja na kusahauliwa. Unapaswa kuulizwa upya kila anapozaliwa anayekilipia.

8. Hitimisho

Makala haya yameuliza kama kilichosahauliwa kina mwenyewe, na jibu lake ni kwamba mara nyingi kinaye, ingawa si kila mara ni yule anayedai umiliki. Jina la mtaa wa Dallas halina mlinzi, na yeyote aweza kulichunguza. Mgani wa Mbwaa unamfundisha msikilizaji wake kwamba kuna waulizaji wasiostahili kujibiwa. Mkono wa Mugwe unaonyesha kwamba taaluma yaweza kujua kuhusu siri bila kuidai siri, mradi isijivike cheo cha mlinzi. Nasaba za Mbeere na majalada ya Mwea yanathibitisha kwamba kimya chaweza kuwa wizi. Ngaitana inabaki kuwa onyo kwa wote wenye majibu ya haraka.

Matokeo ya hoja hii kwa idara za fasihi ni ya kivitendo. Katika makabati ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zimo kanda zilizorekodiwa na wanafunzi kwa miongo kadhaa, nyingi zikiwa na sauti za wazee waliokwisha kufariki. Kanda hizo huorodheshwa kwa jina la mwanafunzi, utanzu na mwaka. Ni mara chache orodha inapoonyesha mzee aliruhusu nini, alikataza nini, na alinyamaza alipofikia swali gani. Kunyamaza huko ni sehemu ya matini, na kulistahili kunakiliwa kama neno. Idara inayotaka kuitwa hifadhi ya urithi haina budi kuyaandika hayo, kuzirudisha nakala za kanda kwa familia zilizozitoa, na kumpa mwenye sauti, au warithi wake, haki ya kusema kwamba sehemu fulani isisikizwe na kila mtu.

Kazi hiyo itapunguza baadhi ya tasnifu na kuchelewesha nyingine. Itawatia pia watafiti katika mabishano ambayo hayana mwamuzi, kwa kuwa warithi nao hugombana, na miongoni mwao wamo wanaotaka mkono ubaki umefunikwa na wamo wanaotaka jalada lifunguliwe. Mhakiki hataepuka kuchagua upande. Anachoweza kukiepuka ni kujidanganya kwamba, kwa kuwa aliikuta historia imefukiwa, hakuna aliyeifukia na hakuna anayekaa juu yake.